Siti ya Choo, Kuanzia Gede Hadi Kilwa

Anayesafiri mwambao wa Afrika Mashariki kwa basi na kulala gesti za bei ya kawaida, kuanzia Malindi kushuka Mombasa, Tanga na Dar es Salaam hadi Kilwa, hukutana na jambo moja karibu kila anapolala: choo cha kukaa kisicho na siti, au chenye siti iliyolegea, iliyopasuka, au iliyoegemezwa ukutani ikimsubiri fundi ambaye hajaitwa. Sinki lenyewe huwa zima. Kauri yake nyeupe, bomba linatoa maji, karo halijajaa, sakafu imepigwa deki tangu asubuhi. Kilichoharibika ni siti peke yake, nayo ndiyo sehemu ya choo inayogusa mwili wa mgeni. Nimeitazama hali hii katika miji mingi kiasi cha kutoyaamini tena maelezo mawili yanayotolewa haraka haraka, kwamba wageni hawana ustaarabu au kwamba mwenye gesti ni bahili. Naamini siti hizo zimeshavunjika tangu dukani, siku choo kiliponunuliwa. Mnunuzi aliangalia weupe, umbo na bei. Hakuuliza watakaokitumia hujisafishaje, wala iwapo siti ya umbo lile itapatikana tena siku ikiharibika. Hayo maswali mawili yangetangulia, vyoo vingi vya njiani vingechaguliwa vingine kabisa.

Itazame siti moja mbovu kwa karibu. Chini yake kunatakiwa kuwe na vipira vinne, na kazi ya vipira hivyo ni kuupokea uzito wa mtu na kuukabidhi kwa ukingo wa sinki. Katika siti nyingi za gesti hukuti vinne. Vimebaki viwili, pengine vyote vya upande mmoja, kwa hiyo siti inapinda kila mtu anapokaa. Nyuma kuna bolti mbili zinazopita kwenye matundu ya kauri na kufungwa kwa nati chini ya ukingo, mahali ambapo jicho halifiki na mkono unafika kwa shida. Nati zikilegea hata kidogo, siti huanza kuteleza kushoto na kulia, na bawaba iliyotengenezwa kufunguka juu na chini inalazimishwa kwenda pembeni. Doa la kutu linateremka kwenye kauri kutoka kwenye tundu moja. Siku moja pini ya bawaba inakatika, na kuanzia hapo siti inafungwa kwa waya au kipande cha mpira wa baiskeli. Fundi akiitwa anakaza nati, lakini vipira harudishi, maana havikuwa kwenye orodha ya vitu alivyotumwa kununua, na ndani ya muda mfupi siti imelegea tena. Ukizisoma alama hizi utaona kwamba uzito wa watu hauna lawama kubwa hapa. Siti inauawa na mwendo wa pembeni. Mtu anayejisafisha kwa maji hainuki kama alivyokaa. Anainama kuchukua kopo, anajisogeza nyuma kuupa mkono nafasi, anageuka kulifikia bomba la ukutani. Kila mara mwendo huo unapita kwenye bolti zile mbili, na maji yanayomwagika yanatua juu ya bawaba hizo hizo.

Chanzo cha pili kinajulikana na kila mhudumu wa gesti: watu wanapanda juu ya siti na kuchuchumaa. Ufa unaotokea katikati ya ubavu wa siti, mbali na bawaba, mara nyingi ni ufa wa mguu. Hapa ndipo lawama za ustaarabu zinapoanza, na nazikataa. Mtu aliyelelewa kwenye choo cha kuchuchumaa, akakuta siti yenye majimaji ambayo hajui ni ya bomba au ni mkojo wa aliyemtangulia, ana sababu nzuri ya kutoweka paja lake pale. Kwa Mwislamu anayekwenda kuswali baada ya dakika chache, tone moja la najisi kwenye nguo ni jambo zito, kwa hiyo kuchuchumaa juu ya siti kwake ni kutafuta usafi kwa njia pekee iliyobaki. Wala tabia hii si ya kwetu tu. Italia inafahamika kwa wasafiri kwa vyoo vya umma vya kukaa visivyo na siti, na maelezo yanayotolewa mara nyingi yanafanana na ya gesti zetu: watu hawataki kugusa siti ya wengi, wanaikanyaga, inavunjika, na mwenye mahali anachoka kuirudisha. Choo kikiwa cha watu wengi wasiojuana, kuiogopa siti ni jambo la kibinadamu. Picha zinazobandikwa ukutani kuonyesha mtu akichuchumaa, akiwa amekatwa kwa mstari mwekundu, haziondoi hofu hiyo. Zinachofanya ni kumwambia mgeni kwamba mwenye nyumba anajua tatizo lipo. Tena kuna hatari ya kweli, maana sinki la kauri halikutengenezwa kubeba mtu mzima aliyesimama ukingoni kwa miguu miwili, na likipasuka hutoa ncha kali zinazokata mwili vibaya. Kwa hiyo siti inayokosekana haiishii kwenye usumbufu. Inawasukuma watu wengi zaidi kupanda juu ya ukingo mtupu.

Kinachonisikitisha ni kwamba mwambao huu uliwahi kulijibu swali hili vizuri sana. Gede, kusini kidogo mwa Malindi, mji wa mawe uliochimbuliwa na James Kirkman kuanzia 1948 hadi 1958 na kuingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2024, una nyumba zenye vyoo vya shimo ndani, na mahali pa kujitawadhia kando ya tundu. Ukiingia kwenye magofu yale, katikati ya msitu, unaona mpangilio ambao mtu yeyote wa Pwani anauelewa bila kuelezwa: unachuchumaa hapa, maji yako hapa, maji machafu yanaelekea kule. Kitu kinachoweza kulegea hakipo. Songo Mnara, kisiwa cha jirani na Kilwa Kisiwani, ina nyumba za mawe zenye vyumba vya choo vilivyojengwa pamoja na nyumba yenyewe, na visiwa vyote viwili vimo katika Urithi wa Dunia tangu 1981. Lamu, katika nyumba za mawe za karne ya 18, maji ya kuogea yaliwekwa katika birika lililojengwa kwa chokaa, bakuli la kauri la Uchina likazamishwa sakafuni mwake, na samaki wadogo wakafugwa humo ili wale viluwiluwi vya mbu. Aliyebuni birika lile alijua maji yatakaa, mbu watakuja, na hakuna atakayekumbuka kuyabadilisha kila siku, akaweka dawa isiyohitaji kukumbukwa. Fikra hiyo, ya kujenga kitu ukijua kitasahauliwa, ndiyo ninayoikosa katika vyoo vya gesti za leo. Sisemi turudi kwenye mashimo. Mashimo yale yalikuwa karibu mno na visima, na hakuna anayetaka kuishi hivyo tena. Ninachokitaka ni ule ujenzi unaoanza na mwili wa mtumiaji na kopo lake, badala ya kuanza na picha ya katalogi.

Kwa sababu hiyo nasema waziwazi: katika choo cha pamoja, kituo cha basi, mgahawa wa barabarani, msikiti, shule, na gesti ambayo vyumba vingi vinatumia choo kimoja, chaguo la kwanza liwe choo cha kuchuchumaa, kile cha sinki la kauri lenye vikanyagio viwili na mfuniko wa maji shingoni unaozuia harufu. Hakina siti, kwa hiyo hakina siti ya kuvunjika. Hakina mahali ambapo ngozi ya mtu inagusana na alipokaa mwingine. Kinasafishwa kwa fagio na maji dakika moja. Na katika miji ambayo maji yanakatika, faida yake inaonekana kwenye ndoo. Choo cha kuchuchumaa cha kumwagia kwa mkono kinahitaji kama lita 2 au 3, wakati tangi la kisasa la kuvuta linatumia lita 6 na la zamani 9 au zaidi. Ndoo ya lita 20 inayowekwa bafuni bomba likikauka inahudumia watu 6 hadi 10 kwenye choo cha kwanza, na kwenye cha pili inaishia mtu wa tatu. Anayemwaga ndoo kwenye choo cha kukaa humwaga kwa nguvu na kutoka juu, na maji yanayoruka yanaifikia siti na bawaba zake. Tanzania ilipozindua kampeni ya Nyumba ni Choo mwaka 2017, msisitizo ulikuwa kila kaya iwe na choo bora, na ulikuwa msisitizo wa haki kabisa. Kwa anayeendesha biashara ya wasafiri, hata hivyo, choo bora ni kile kitakachobaki bora baada ya watu elfu moja kukitumia.

Pingamizi kubwa nalijua, na halitoki kwa wapenda fahari. Linatoka kwa wazee, wajawazito, wenye magoti mabovu na watu wenye ulemavu. Bibi anayesafiri kutoka Tanga kwenda hospitali Dar es Salaam hawezi kuchuchumaa, na kumwambia kwamba mababu walichuchumaa ni ukatili. Pingamizi hili lina nguvu, na ndiyo maana sisemi choo cha kukaa kiondolewe. Tanzania ina Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010, na hata isingekuwepo, heshima kwa mkubwa ingetosha kuwa sababu. Lakini hebu tulisikilize pingamizi hadi mwisho. Mtu asiyeweza kuchuchumaa ndiye anayeumia kuliko wote siti inapokosekana. Kijana anaweza kujiinua kidogo juu ya kauri tupu. Bibi hawezi. Anakaa kwenye ukingo mwembamba, wa baridi, uliolowa, akiwa hana cha kushika. Choo cha kukaa kibovu hakimsaidii yule ambaye kwa jina lake kilinunuliwa. Kwa hiyo palipo na vyoo vinne, vitatu viwe vya kuchuchumaa na kimoja cha kukaa, kikiwa na siti imara, chuma cha kushikia ukutani, na mlango mpana. Kwa kuwa walio na nafasi ya kuchagua watakwenda kule wanakokuzoea, siti ya chumba hiki kimoja itapumzika na kudumu. Wahindi wamejaribu njia ya kati: kwao kuna choo kinachoitwa cha Kiingereza na Kihindi, sinki la kukaa ambalo ukingo wake umepanuliwa kuwa vikanyagio vya kauri, mtu akitaka anakaa, akitaka anapanda na kuchuchumaa bila hatari. Ni kifaa cha busara. Ila kwa mzee kupanda pale ni taabu, na kwa anayekaa ukingo ni mpana kupita kiasi, kwa hiyo mimi bado naona bora vyumba viwili tofauti kuliko sinki moja la kazi mbili.

Tukishakubaliana kwamba choo cha kukaa kina mahali pake, swali la siti linabaki, na hakuna mahali linapoonekana wazi kama Mji Mkongwe wa Zanzibar. Nyumba nyingi za zamani zimegeuzwa hoteli, wageni wanatoka kila pembe ya dunia, vyoo vya kukaa haviepukiki, na hewa ya bahari inaingia kila dirishani. Chumvi hiyo ndiyo mwalimu. Bawaba nyingi zinazong'aa dukani ni aloi ya zinki iliyopakwa kromu. Kromu ikichubuka kidogo, zinki inaanza kuliwa, ngozi inavimba na kubanduka. Dawa za kuondoa madoa zenye asidi na zile za klorini zinaharakisha kazi hiyo, hasa zikiachwa juu ya bawaba bila kusuuzwa. Chuma cha pua ni bora zaidi, lakini nacho kina madaraja: lile la 316 lina molibdenamu inayolisaidia kustahimili chumvi kuliko la 304. Mnunuzi anaweza kubeba sumaku ndogo. Ikinasa kwa nguvu, bawaba ni chuma cha kawaida kilichopakwa, au pua ya daraja la chini, na isiponasa bado hajathibitisha kitu, maana aloi ya zinki nayo hainasi. Kwa gesti ya kawaida ya Pwani naona bolti nene za nailoni zinashinda vyote hivi. Hazishiki kutu, na siku ya kubadilisha fundi anazikata kwa msumeno wa chuma bila kugusa kauri. Bolti ya chuma iliyoshikana kwa kutu inalazimisha kugongwa, na sinki linaweza kupasuliwa siku hiyo hiyo ya kubadilisha siti.

Siti yenyewe nayo ina aina zake. Ile ya unga wa mbao ulioshindiliwa kwa gundi na kupakwa rangi inaonekana nzito na ya thamani, lakini rangi ikichanika ukingoni maji yanaingia, inavimba kama mkate, na haiponi. Isiingie kabisa katika nyumba ya watu wanaojisafisha kwa maji. Ya plastiki ngumu ya yurea-fomaldehaidi inang'aa, haikwaruziki, haiyeyuki kwa moto wa sigara, na inapendeza katika hoteli ambayo mgeni ana choo chake. Udhaifu wake ni kwamba haipindi, ikiangushwa au ikipandwa inapasuka. Ya polipropilini ni laini zaidi, inachubuka na kupoteza mng'ao, lakini inapinda kidogo kabla ya kuvunjika, na katika choo cha watu wengi huko kupinda ndiko kunakoiokoa. Zishike zote mbili dukani uzikunje kidogo kwa mikono: inayokubali ni polipropilini. Kisha itazame chini. Nyembamba yenye mbavu chache itapinda hadi ikatike, nene yenye mbavu nyingi au iliyojaa itadumu. Vipira viwe vinne au zaidi, na viwe vimefungwa kwa skrubu au kushindiliwa ndani ya matundu, visiwe vimegandishwa kwa gundi. Zile siti zinazoshuka polepole zenyewe ni nzuri nyumbani kwa mtu, ila mgeni asiyezijua huzisukuma kwa nguvu, kizuizi cha ndani kinaharibika, na hakitengenezeki. Mfuniko wa juu katika choo cha pamoja ni mzigo. Watu wanaukalia, wanaukanyaga, na ndio unaotangulia kuvunjika na kuondoka na bawaba. Kanuni za mabomba katika majimbo mengi ya Marekani zinataka vyoo vya umma viwe na siti iliyo wazi upande wa mbele, na siti za aina hiyo zinapatikana bila mfuniko. Umbo hilo lilibuniwa kwa ajili ya usafi wao, lakini linatufaa sisi zaidi: mkono wa mtu anayestanji unapita mbele bila kugusa siti, na sehemu inayolowa kuliko zote haipo.

Hapo tunafika kwenye jambo ambalo fundi bomba anajua na mnunuzi hajui, kwamba siti haina maana bila vipimo vitatu. Cha kwanza ni umbali kati ya katikati ya tundu moja la bolti hadi katikati ya la pili. Cha pili ni kutoka kwenye mstari wa matundu hadi ncha ya mbele ya sinki. Cha tatu ni upana wa sinki mahali palipo papana kabisa. Marekani mambo yamerahisishwa: matundu yamekaa inchi 5.5, yaani karibu sentimita 14, na maumbo makuu ni mawili, la mviringo lenye inchi 16.5 hivi kutoka kwenye matundu hadi mbele, na lililorefuka lenye inchi 18.5. Mtu akivunja siti anaingia duka lolote akiwa na neno moja, mviringo au ndefu, na anatoka na siti inayokaa. Uingereza matundu mengi yana sentimita 15.5, lakini maumbo ni mengi, na Ulaya Bara hali ni ya kutawanyika zaidi. Kwetu, mitaa ya maduka ya vifaa vya ujenzi Kariakoo na katikati ya Mombasa imejaa bidhaa za viwanda vingi, nyingi zikiwa za China, na umbo linalouzwa mwaka huu halina ahadi ya kuwepo mwaka ujao. Vyoo vya pembe nne na vile vyenye umbo la herufi D vinavutia macho, na ndivyo vinavyowatesa wenye gesti, kwa sababu siti yake hutoka kiwandani kwa ajili ya sinki lile tu. Muuza duka atakuambia ziko siti zinazoingia kila mahali. Ziko kweli zenye bolti zinazosogezwa, na zinasaidia kwenye umbali wa matundu, lakini hazirefushi siti wala kuipanua. Siti fupi kuliko sinki inaacha ukingo mbele, ndefu inaning'inia, na vipira vyake vinatua hewani badala ya kutua kwenye kauri. Kwa hiyo anayenunua sinki aanze upande wa pili: aingie maduka matatu manne, atazame siti zinazouzwa peke yake, zilizotundikwa bila sinki, aone umbo linalojirudia kote. Mara nyingi litakuwa lile la mviringo wa yai, la kawaida, lisilo na mbwembwe. Kisha atafute sinki linalolingana na siti hiyo.

Wapo watakaosema hesabu hii ni ya bure, kwamba siti nyembamba ni rahisi, na mwenye gesti anaweza kununua nyingine kila ikivunjika kwa gharama ndogo kuliko ya siti moja nzuri. Kwenye karatasi hesabu hiyo inatoka. Inachosahau ni muda kati ya kuvunjika na kununuliwa. Siti rahisi haibadilishwi siku inapovunjika. Kwanza mhudumu anaona aibu kusema, kisha mwenye nyumba yuko safarini, kisha fundi anadai nauli na ujira unaozidi bei ya siti, kisha siti iliyoletwa haikai kwa sababu hakuna aliyepima. Katika wiki zote hizo wageni wanakaa kwenye kauri tupu, wanaochuchumaa wanaongezeka, na choo kinachafuka haraka kwa sababu mtu hatunzi kitu alichokikuta kimeharibika. Gharama ya kweli imo ndani ya wiki hizo, na analipa mgeni. Ndiyo maana sioni kwamba kuandika juu ya siti ya choo ni kuandika juu ya jambo dogo. Mgeni aliyelipia chumba amelipia pia nafasi ya kujisitiri bila kuinama vibaya, bila kulowa, bila kuogopa, na Mswahili anayejivunia ukarimu anapaswa kuanzia hapo kabla ya mapazia na televisheni.

Kilwa Masoko, mwisho wa safari hii na mahali pa kuvukia kwenda kutazama vyoo vya mawe vya visiwani, ina nyumba za wageni kubwa kwa ndogo, na kutoka pale hadi maduka ya Kariakoo ni safari ya basi ya saa kadhaa. Umbali huo unabadilisha ushauri. Aliyeko Dar es Salaam akikosea umbo anaweza kuzunguka mtaa mzima akitafuta, lakini wa Kilwa, Pangani au Lamu hana mtaa wa kuzunguka. Yeye anunue siti mbili za akiba siku ile ile anaponunua masinki, kutoka rundo lile lile, pamoja na pakiti ya vipira na bolti za nailoni za ziada, azifunge kwenye gunia na kuziweka stoo. Vyumba vyote vipewe sinki la umbo moja ili siti ya chumba kimoja iweze kuhamia kingine. Mhudumu afundishwe kuingiza mkono nyuma ya ukingo kila anapobadilisha mashuka na kukaza nati kwa vidole, bila koleo, kwa sababu koleo huzidisha nguvu na kukata nyuzi za plastiki. Vipimo vile vitatu viandikwe kwa kalamu isiyofutika upande wa ndani wa mfuniko wa tangi, kusudi mtu yeyote atakayetumwa mjini, hata asiyewahi kukiona choo chenyewe, arudi na siti inayokaa.